Ndege ya Siri na Ulimi wa Balozi

Katika darasa moja la itikadi lililofanyika Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, mwanafunzi aliuliza swali ambalo mkufunzi alilijibu kwa haraka mno. Swali lilikuwa hili: nchi inapokuwa na ndege za kivita ambazo haitaki zijulikane, balozi wake aambiwe nini, na balozi wa nchi nyingine aambiwe nini? Mkufunzi alijibu kwamba siri ya jeshi ni siri, na kila balozi huambiwa kile kinachofaa. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi. Halimwelezi kada ni nani anayeamua kinachofaa, wala nini hutokea siku kile kilichofaa kinapogundulika kuwa ni uongo. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile kwa nafasi zaidi.

Naliendele ni mahali panapostahili swali la namna hiyo. Pale yapo makaburi ya wanajeshi wetu waliokufa katika ukombozi na ulinzi wa Msumbiji, na mtu akielekea kusini kutoka hapo hachukui muda kufika bonde la mto Ruvuma. Tangu FRELIMO ilipoanza mapambano ya silaha tarehe 25 Septemba 1964 hadi Wareno walipokubali kuondoka mwaka 1974, anga ya bonde hilo ilikuwa uwanja wa vita. Ndege za Wareno zilipiga mabomu ng'ambo ya mto, katika nchi ya juu ya Mueda, na mara kadhaa zilivuka mpaka na kuvishambulia vijiji vyetu. Mwaka 1972 mizinga ya JWTZ iliitungua mojawapo. Mkulima wa kando ya Ruvuma alizitambua ndege hizo kwa mlio kabla hajaziona. Wakati huohuo, katika miji mikuu ya Ulaya, mabalozi walikuwa wakielezwa kwamba ndege za kivita zinazouzwa kwa Ureno ni za kuilinda Ulaya. Kati ya masikio ya mkulima yule na masikio ya mabalozi wale ndipo lilipo somo letu.

Tuanze na kazi ya balozi, maana wengi wetu tunamwona ama kama mtu wa tafrija ama kama jasusi mwenye ruhusa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 juu ya uhusiano wa kibalozi unaeleza kazi zake katika Ibara ya 3: kuiwakilisha nchi yake, kulinda masilahi yake, kujadiliana kwa niaba yake, na kufahamu kwa njia zote halali hali ilivyo katika nchi aliyopelekwa na kuiripoti kwao. Maana yake ni kwamba nchi inayompokea balozi imekubali kutazamwa. Lakini Mkataba huohuo unampa mwenye nyumba funguo zake. Ibara ya 26 inampa mjumbe uhuru wa kusafiri nchini, isipokuwa katika maeneo ambayo sheria imeyakataza kwa ajili ya usalama wa taifa. Ibara ya 7 inairuhusu nchi mwenyeji kutaka majina ya waambata wa kijeshi kwanza ili iyakubali au iyakatae. Na kwa Ibara ya 9 nchi yaweza wakati wowote, bila kutoa sababu, kumtangaza mjumbe kuwa hatakiwi.

Kada azingatie jambo hili. Nchi yenye kiwanja cha ndege isichotaka kionekane hailazimiki kusema uongo. Inaweza kuweka uzio na kusema hapa hapaingiwi. Inaweza kuulizwa idadi ya ndege na ikakaa kimya. Kunyamaza ni haki ya kila dola, kubwa na ndogo. Basi tujiulize kwa nini dola kubwa kuliko zote, zenye uzio mrefu kuliko wote, ndizo zilizochagua kusema uongo tena na tena. Jibu ni kwamba hazikuwa zinaficha mahali ndege zilipo. Zilikuwa zinaficha ndege hizo zinafanya nini juu ya nchi za watu.

Mfano uliosomwa sana ni wa ndege ya Marekani iliyoitwa U-2. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955 katika jangwa la Nevada. Ilitengenezwa ili ipae juu sana, mahali ambapo wakubwa wa CIA walitumaini haitafikiwa, na ipige picha za nchi ya Urusi. Mwaka 1956 ulimwengu ulitangaziwa kwamba ni ndege ya kuchunguza hali ya hewa. Mwezi Julai mwaka huohuo zilianza safari za kuvuka anga ya Kisovieti, na siku chache baadaye Moscow ikapeleka barua ya malalamiko. Washington ilijibu kwamba hakuna ndege ya kijeshi ya Marekani ambayo ingeweza kupotea njia kiasi hicho. Tazama neno "kijeshi" lilivyowekwa pale kwa uangalifu. Ndege ilikuwa ya CIA, na rubani wake alikuwa amevuliwa cheo cha jeshi kwenye karatasi. Kwa hiyo barua ya kibalozi haikuwa na uongo hata neno moja, nayo yote ilikuwa uongo. Mwanasheria aliyeiandika bila shaka alijisikia hodari siku ile.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilichukua miaka minne. Mwezi Septemba 1959 U-2 moja iliishiwa mafuta na kutua kwenye kiwanja kidogo cha ndege huko Fujisawa, Japani. Wakaja watu wenye silaha kuwafukuza wananchi waliokusanyika, jambo ambalo halifanyiki kwa ndege ya kupima mvua. Picha zikatoka magazetini. Kisha tarehe 1 Mei 1960 rubani Francis Gary Powers aliruka kutoka Peshawar, Pakistani, akitarajia kutua Bodø, Norway. Akatunguliwa karibu na Sverdlovsk. Marekani, ikiamini rubani amekufa, ilitoa hadithi iliyokwisha andaliwa: ndege ya NASA ya hali ya hewa, iliyoondoka Uturuki, imepotea baada ya rubani kulalamika kwamba hewa ya oksijeni ina hitilafu.

Hapa ndipo mabalozi wanapoingia, nami napenda kukaa kidogo juu ya kisa hiki. Tarehe 5 Mei, katika tafrija ya kibalozi mjini Moscow, balozi wa Marekani Llewellyn Thompson alimsikia naibu waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti, Jakob Malik, akimjibu balozi wa Sweden kwamba rubani bado anahojiwa. Anahojiwa! Basi yu hai. Thompson alituma simu ya haraka nyumbani, lakini taarifa ya NASA ilikuwa imekwisha tolewa. Siku iliyofuata msemaji wa wizara yao ya mambo ya nje alisimama kusema kwamba haikuwapo nia yoyote ya kuivuka anga ya Kisovieti, na kwamba haikupata kuwapo. Na U-2 nyingine ikapakwa haraka alama za NASA ili waandishi waipige picha. Tarehe 7 Mei Khrushchev alitangaza kwamba rubani yu hai, na kwamba mabaki ya ndege na filamu zake anavyo. Tarehe 11 Mei Rais Eisenhower alikiri mwenyewe hadharani. Mkutano wa wakubwa wanne uliokuwa ufanyike Paris ukavunjika tarehe 16.

Balozi mzuri alikuwa ameifanya kazi yake. Alisimama, akasikiliza, akaripoti. Lakini mashine ya kutunga hadithi haikuwa na mahali pa kuipokea habari ya kweli. Ilikwisha anza kuzunguka. Na gharama haikulipwa na Marekani peke yake. Norway ililazimika kulalamika kwa rafiki yake. Pakistani iliambiwa na Khrushchev kwamba Peshawar imekwisha wekewa alama kwenye ramani. Nchi ndogo inayomkopesha mkubwa kiwanja chake haiambiwi yote yanayorukia hapo, lakini kombora la kisasi halitauliza nani aliambiwa na nani hakuambiwa.

Uongo huo ulifika hadi pwani yetu. Mwaka huohuo wa 1960, kwa mapatano kati ya Marekani na Uingereza iliyokuwa ikiitawala Zanzibar chini ya jina la himaya, iliamuliwa kujenga kisiwani Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mpango wa Mercury. Wenye mpango walikuwa NASA. Kwa yote tunayoyajua leo, kituo kile kilikuwa kama walivyosema: mitambo ya redio ya kusikiliza chombo kinachozunguka dunia, na mwezi Februari 1962 kilikuwa katika mtandao uliomfuatilia John Glenn. Lakini nani angeamini? Ilikuwa ni miezi michache tu tangu jina la NASA lilipotumika kama kanga ya kuifunika ndege ya kijasusi. Chama cha ZNP kilikipinga kwa maandamano, watu wakakiita kituo cha maroketi. Wazanzibari hawakuwa wameulizwa, na aliyekuwa akiwahakikishia usalama alikuwa amekwisha onekana mwongo mbele ya dunia nzima. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Serikali ya Mapinduzi chini ya Mzee Karume iliwataka Wamarekani wakiondoe, na mwezi Aprili kikafikia mwisho.

Wako watakaosema kwamba watu wetu walikosea, kwani kituo hakikuwa na roketi. Mimi nasema walitumia akili waliyokuwa nayo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kosa si la aliyeumwa. Jambo la namna hiyo lilitokea tena Januari 1965, Tanzania ilipowafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Robert Gordon wa Dar es Salaam na Frank Carlucci wa Zanzibar, kwa sababu ya mazungumzo ya simu yaliyonaswa na kusikika kama njama. Marekani ilikana na kumfukuza mjumbe wetu mmoja kwa kulipiza. Wengi waliolichunguza suala hilo baadaye wanaona kwamba maneno yaliyosikika kama ya silaha yalikuwa mafumbo ya watu wa ofisi wakizungumzia hoja za kuwashawishi wakubwa wao. Inawezekana kabisa. Lakini hivyo ndivyo hali inavyokuwa ukweli wa mtu ukikosa thamani: hata neno lake la kawaida linasikika kama mlio wa bunduki.

Turudi sasa Ruvuma, kwa sababu yapo yaliyotuhusu kwa damu.

Mwaka 1966 Ujerumani Magharibi iliiuzia Ureno ndege 40 za kivita aina ya Fiat G.91. Ndege hizo zilibuniwa Italia, na hizi hasa zilikuwa zimetengenezwa kwa fedha za Marekani kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki kabla ya kuishia mikononi mwa Wajerumani. Mkataba wa mauzo ulikuwa na sharti: zitumike Ureno tu, kwa ulinzi wa NATO. Sharti hilo ndilo walilopewa mabalozi wa Bonn walipoulizwa na Waafrika. Walikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa ya kweli.

Lakini Ureno ilikwisha andaa mlango wa nyuma miaka 15 kabla. Mwaka 1951 utawala wa Salazar ulibadili katiba yake, ukafuta neno "makoloni" na kuandika "majimbo ya ng'ambo". Kwa lugha hiyo Msumbiji haikuwa nchi inayotawaliwa na Ureno. Ilikuwa Ureno yenyewe. Mueda ilikuwa Ureno. Ukingo wa kusini wa Ruvuma ulikuwa Ureno. Basi ndege iliyouzwa kwa sharti la kutumika Ureno ikienda Msumbiji, kwa hesabu ya Lisbon, haijatoka nyumbani. Mkataba wa NATO wenyewe haukukubaliana na hesabu hiyo, maana Ibara yake ya 6 inaishia kwenye Tropiki ya Kansa, mbali sana kaskazini mwa Mueda. Hata hivyo, mwaka 1967 ndege hizo zilikuwa Guinea-Bissau, na baadaye zikawekwa Nacala na Tete nchini Msumbiji. Mwaka 1970, Jenerali Kaúlza de Arriaga alipoanzisha shambulio lake kubwa dhidi ya FRELIMO kaskazini mwa Msumbiji, nguvu za anga zilikuwa tegemeo lake.

Hii ni namna nyingine ya kudhibiti anachoambiwa balozi, tofauti na ya U-2. Kwa U-2, ukweli ulifichwa na hadithi ikatungwa. Kwa Fiat, hakuna kilichofichwa. Kilichofanyika ni kulipotosha neno moja, "Ureno", hata likabeba maana mbili, na kila mtu akaiambia dhamiri yake ile maana iliyompendeza. Sijui namna ipi ni mbaya zaidi kwa mwanadiplomasia, lakini naona ya pili ni ngumu zaidi kuishinda. Hadithi ya U-2 iliangushwa na kombora. Hii ya Fiat haikuwa na kitu cha kuangusha, kwani hata mabaki ya ndege yakipatikana Msumbiji, karatasi bado inasema yako Ureno.

Kulikuwa na namna ya tatu pia. Mwaka 1965 ndege saba za mabomu aina ya B-26 ziliondoka Marekani moja baada ya nyingine hadi Ureno, ingawa sheria ya Marekani ilikataza. Mwaka 1966 waliozipeleka walishtakiwa mjini Buffalo. Utetezi wao ulikuwa kwamba CIA ndiyo iliyokuwa nyuma ya kazi hiyo. Mwanasheria mkuu wa CIA alitoa ushahidi kwamba shirika lake lilikuwa na habari za jambo hilo lakini halikuhusika. Baraza la wazee wa mahakama likawaachia washtakiwa. Ndege hazikurudi, miaka ya 1970 zilikuwa vitani Angola. Mwanadiplomasia wa Marekani aliyeulizwa juu ya ndege hizo angeweza kula kiapo kwamba serikali yake haikuuza, na kiapo chake kisingemsaidia Mwangola yeyote.

Je, sisi? Makada wana haki ya kuuliza, maana ni rahisi kuhesabu dhambi za mabeberu na kuziacha zetu. Tanzania ilikuwa na siri nyingi katika miaka ile. Kambi za wapigania uhuru zilikuwa Nachingwea, Kongwa na kwingineko. Silaha zilipita bandarini na kusafirishwa kwa barabara usiku. Hata ndege zetu zina historia ya namna hiyo. Kikosi chetu cha anga kilianza kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, uliokatika mwaka 1965 kwa ugomvi juu ya ubalozi wa Ujerumani Mashariki. Kanada ikaendelea hadi mwaka 1970, kisha China ikasaidia kufundisha marubani wa ndege za kivita na kujenga kituo cha Ngerengere. Balozi wa nchi ya NATO hakupewa ramani ya Nachingwea, wala mwambata wa kijeshi hakualikwa kuhesabu ndege za Ngerengere.

Lakini nia ilitangazwa. Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliyoundwa mwaka 1963, ilikuwa na ofisi Dar es Salaam yenye anwani inayojulikana. Hospitali ya FRELIMO ya Mtwara, iliyopewa jina la Dkt. Américo Boavida wa Angola, haikuwa siri. Mwezi Oktoba 1969 Mwalimu Nyerere alisimama katika Chuo Kikuu cha Toronto, katika nchi iliyokuwa mwanachama wa NATO na wakati huohuo ikiwafundisha wanajeshi wetu, akaeleza bila kuzunguka kwa nini Waafrika wa kusini watashika silaha na watazipokea kwa yeyote atakayewapa. Kwa hiyo balozi wetu popote alipokuwa hakuhitaji hadithi. Akiulizwa kama tunaisaidia FRELIMO, anasema ndiyo. Akiulizwa wapi na kwa bunduki ngapi, ananyamaza. Hakuna siku ambayo mabaki ya kitu fulani yangemfanya aonekane mwongo.

Kwamba siri ya mahali ina faida ya kweli, Conakry ilithibitisha. Usiku wa tarehe 22 Novemba 1970 Wareno waliivamia kwa merikebu zisizo na alama. Moja ya shabaha zao ilikuwa ndege za MiG za Guinea. Walipofika kiwanjani hawakuzikuta. Zilikuwa zimekwisha hamishwa. Ureno ilikana kuhusika, lakini Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipeleka ujumbe wake, likapata ushahidi, na mwezi Desemba likailaani. Uvamizi huo, pamoja na mapinduzi ya Amin ya Januari 1971, ndio uliotangulia Mwongozo wa TANU wa mwezi Februari, uliosisitiza kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma, na kwamba umma ufundishwe kumtambua adui.

Na hapo ndipo siri inapogeuka kuwa hatari kwa mwenyewe. Mwanzoni mwa vita ya Kagera, mwaka 1978, ndege tatu za jeshi letu zilitunguliwa karibu na Musoma na walinzi wetu wenyewe wa anga, waliodhani ni za Amin. Mlinzi aliye chini ya anga, awe askari wa Musoma au mgambo wa Ruvuma, naye ni mtu wa kuambiwa jambo. Mwanafunzi wa Naliendele aliuliza balozi aambiwe nini. Yule aliyeshika mzinga aambiwe nini, na nani, na kwa wakati gani, hakuna aliyeuliza siku ile. Swali hilo lingefaa kufungulia darasa lijalo.